Alama Mbili Kwenye Udongo wa Kichuguu

Tulikubaliana pointi moja. Binti yangu alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, umri ambao tenisi ya vijana hukufungia mlango na kukuambia nenda ukacheze na wakubwa. Mimi nilikuwa nimemtafutia nafasi katika chuo kikuu ninachofundisha, Mbale, asome sayansi ya chakula. Hakuitaka. Hakutamka kwamba haitaki; alisema "sawa, Baba" kama watoto wetu wanavyosema "sawa" wakimaanisha kwamba watangoja mpaka usahau. Basi nikafanya kile ambacho watu waliosoma sana hukifanya badala ya kusikiliza: nikaandaa makubaliano. Chuo kingemshikia nafasi yake kwa mwaka mmoja. Katika mwaka huo angecheza tenisi ya kulipwa. Akipata pointi moja katika orodha ya dunia, moja tu, ataendelea na raketi yake nami sitasema neno. Asipoipata, atafungasha vitu vyake aje Mbale kujifunza jinsi unga unavyoharibika.

Pointi yenyewe nilielezwa mara tatu kabla sijaelewa. Katika mashindano ya watu wazima, hata yale ya daraja la chini kabisa, kuna droo kuu. Ukishinda mechi moja katika droo hiyo unapewa pointi, na jina lako linaingia kwenye orodha pamoja na majina ya watu unaowaona kwenye televisheni, isipokuwa wao wako juu na wewe uko pale chini ambako mtu hafiki kwa kusoma, ila kwa kutafuta. Mechi moja. Nilijiona mkarimu. Niliamini pia, na hili sikumwambia mtu, kwamba hataipata.

Sisi ni Wanubi wa Jinja. Babu wa babu yangu aliletwa kutoka Sudani akiwa askari, na tangu hapo ukoo wetu umekuwa ukiongea Kinubi jikoni na Kiswahili barazani. Katika nchi hii ukiongea Kiswahili kilichonyooka, watu wa umri wangu hutazama kwanza mikono yako waone kama umeshika bunduki, maana hapa ni lugha ya jeshi. Mimi nimeshika chaki. Nawafundisha walimu jinsi ya kufundisha, kazi ambayo mke wangu huieleza kwa majirani kwa kusema kwamba ninachemsha maji ya kuchemshia maji. Yeye ni muuguzi hapo Jinja. Kila Jumatatu naondoka kwenda Mbale, kila Ijumaa narudi, na kwa miaka mingi nimemlea binti yangu kama mtu anavyosoma gazeti la juma lililopita.

Aliyemlea siku za katikati ni Afande. Alikuwa mstaafu wa magereza, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye goti bovu na filimbi shingoni. Alijifunza tenisi kwa wakubwa wake kazini, na alipostaafu akaanza kuwafundisha watoto wa askari magereza pamoja na watoto wengine wa mtaani ambao wazazi wao hawakuwa na pa kuwaweka saa za jioni. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Mke wangu alimpeleka kwa sababu zamu zake za hospitali zilikuwa zimebadilika. Ningependa kuandika kwamba tuliona kipaji, lakini tulichokuwa tunatafuta ni mtu wa kukaa na mtoto.

Klabu ya zamani alikofundishia ina viwanja viwili, vyote vya udongo wa kichuguu. Udongo huletwa kutoka upande wa Budondo, unapondwa, unachekechwa, unamwagiwa maji, unashindiliwa kwa gogo la chuma, kisha asubuhi mtu huburuta gunia juu yake mpaka uwe laini kama uso wa chapati kabla haijageuzwa. Mistari huchorwa kwa chokaa. Uzuri wa udongo huo ni kwamba kila mpira unaotua huacha alama, duara dogo lenye mkia, na ukitaka kujua kama ulikuwa ndani au nje huna haja ya kugombana. Unakwenda, unainama, unatazama.

Katika mechi za vijana hakuna mwamuzi kitini. Kila mchezaji ndiye anayesema mipira ya upande wake, ndani au nje, na mwenzake anakubali. Afande alikuwa na kanuni yake juu ya hilo, ambayo sijaisikia kwingine: mpira wa shaka ni wa mgeni. Aliyetoka mbali kuja kwenye uwanja wako, ukiwa huna hakika, mpe. Na ukiwa wewe ndiye mgeni?

"Hapo unacheza vizuri, basi," alimjibu mtoto mmoja aliyeuliza. "Kwani wewe nataka nini, sheria ya kukusaidia?"

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kila neno likitembea peke yake bila kujali limefuatana na nani. Lakini wale watoto walimwelewa kuliko wanafunzi wangu wanavyonielewa.

Akiwa na miaka kumi na mitatu, binti yangu alipoteza fainali kwa kanuni hiyo. Mashindano yalikuwa pale pale Jinja, mpinzani alikuja kutoka Kampala na mama yake mwenye kofia pana, na katika seti ya mwisho binti yangu akainama, akatazama alama, akanyanyua mabega, akaifuta kwa kiatu. Kuifuta alama ndiyo njia ya kusema yaishe, mpira ulikuwa mzuri. Akashindwa kwa tofauti hiyo. Mke wangu alinisimulia kwa simu kwa sauti ya mtu aliyeporwa mkoba.

"Huyo mzee wenu anafundisha tenisi au anafundisha katekisimu?"

"Mzee wetu? Wewe ndiye uliyempeleka."

"Nilimpeleka akimbie achoke alale. Sikumpeleka awe mtakatifu."

Mimi, kutoka Mbale, nilisema jambo la busara kuhusu tabia kuwa na thamani kuliko kombe. Nakumbuka nilikuwa nakula karanga.

Miaka ya ujana ilikuwa na kelele, hilo nalijua hata kwa kusimuliwa. Wasichana aliocheza nao binti yangu walibadilishana bangili za shanga, walilia pamoja, walilala wanne kwenye vitanda viwili. Alikuwa bora katika wilaya, kisha bora mashariki, kisha mmoja wa watatu au wanne bora nchini. Alivaa suruali nyeusi ya kubana chini ya sketi, na shangazi zangu walijadili miguu yake kama tume ya uchunguzi, wakaamua kwamba almuradi imefunikwa na anashinda, Mungu ni mwelewa.

Kisha mlango ule ukafungwa nyuma yake, tukaanza mwaka wa makubaliano.

Watu huniuliza nilihisi nini mwaka ule. Ni swali la haki, hasa kwa mtu anayeandika makala gazetini kuhusu hisia za watu wengine. Sehemu kubwa ya mwaka sikuhisi kitu. Ilikuwa kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi: unauona, unajua ni wako, unaugonga, haujibu.

Nadhani ilichangiwa na simu. Kwenye mashindano ya kulipwa mwamuzi hukaa juu ya kiti kirefu akiwa na kifaa mkononi, na kila pointi anayoibonyeza hutokea papo hapo kwenye simu ya yeyote anayetaka kujua. Hivyo ndivyo nilivyomwona binti yangu akishindwa Nairobi: mimi mbele ya darasa la watu sabini, nikieleza namna ya kumtia moyo mwanafunzi anayeshindwa, simu imelala kando ya chaki. Sifuri kwa kumi na tano. Sifuri kwa thelathini. Hakukuwa na jasho wala uso. Namba zilibadilika zikiwa kimya. Nadhani nilinyamaza katikati ya sentensi, kwa sababu mwanafunzi wa mbele aliniuliza, "Mwalimu, kuna msiba?"

"Hapana. Ni tenisi."

"Ah," akasema. "Pole."

Alishindwa Nairobi mara mbili, Kigali mara mbili, Dar es Salaam mara moja. Mara nyingine hakufika hata droo kuu. Alitolewa kwenye mechi za mchujo na watu ambao majina yao hayakuwa popote. Aliporudi nilimuuliza tofauti ni nini. Alifikiri kwa muda mrefu akifunga kamba za viatu ambavyo vilikuwa tayari vimefungwa.

"Kule vijana tulikuwa tunachukiana, tunapendana," alisema. "Hawa hawakuchukii, Baba. Hawana nafasi."

Walikuwa wanawake wa miaka ishirini na sita, ishirini na saba, waliojifunga barafu magotini wenyewe. Wakishindwa asubuhi, jioni wako uwanja wa ndege. Mmoja wao, baada ya kumfunga, alimpa ushauri wa bure. Alikuwa amemwona akisahihisha mpira dhidi yake mwenyewe, mwamuzi akiwa tayari amempa pointi. Akamwambia mwamuzi analipwa kuona, wewe hulipwi kuona. Binti yangu alimpelekea Afande maneno hayo uwanjani mbele yangu, kama mtoto anayeleta kitu alichookota aambiwe ni nini.

Afande aligeuza filimbi vidoleni. "Macho ni yako, au ya mwamuzi?"

"Yangu, afande."

"Basi tumia. Piga mia moja, upande wa kushoto."

Zilibaki wiki tano mwaka uishe. Msajili wa chuo alikuwa ameshaniandikia mara mbili: nafasi haiwezi kushikwa zaidi. Nikaanza, polepole, kutafuta chumba Mbale karibu na changu. Nilikipata, kina dirisha linalotazama mlima. Sikumwambia mtu hilo pia.

Ndipo shindano la mwisho la msimu, ambalo lilikuwa lifanyike Kampala, likahamishiwa Jinja kwa sababu viwanja vya kule vilikuwa vinatengenezwa. Viwanja vyetu! Gunia letu! Waandaaji wakampa binti yangu nafasi ya mwaliko katika droo kuu, kama mwenyeji anavyopewa. Hakukuwa na mchujo. Mechi moja, kwenye udongo anaoujua kwa nyayo. Kila mtu mtaani alielewa kilichokuwepo: akishinda Jumanne, anaendelea, akishindwa, Jumatatu inayofuata yuko Mbale na daftari jipya.

Jumapili, kabla droo haijapangwa, alikuja nyumbani na msichana wa Kimisri. Alikuwa amemkuta klabu, amekaa juu ya begi lake peke yake, tumbo limemvuruga, hajui ale nini. Alikuwa na miaka ishirini na minne na alisafiri bila kocha wala mzazi. Mke wangu alimtazama mara moja kwa jicho la wodini, akampikia uji, kisha wali mweupe na supu ya kuku. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulitegemea: walielewana. Kinubi chetu ni Kiarabu kilichopitia kambini kikatoka bila mapambo, na Mmisri alipomsikia mke wangu akisema "kula, mwanangu" kwa Kinubi, alicheka mpaka akashika meza. Kila neno la tatu lilikuwa lake. Alisema tunaongea kama nyanya yake angeongea kama angelewa. Mke wangu akasema nyanya huyo aletwe, watapatana.

Jioni droo ikatoka. Binti yangu dhidi ya Mmisri, raundi ya kwanza, Jumanne saa nne asubuhi.

"Mgeni siku mbili," mke wangu alisema akiosha bakuli lile lile la supu. "Jumanne ni siku ya tatu. Mpe jembe."

Nilihamisha mihadhara yangu, nikabaki. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kumwona akicheza kwa macho badala ya namba. Nilikaa kwenye benchi nyuma ya mstari wa mwisho, upande wa magharibi, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Kulikuwa na wauguzi wanne wa wodi ya mke wangu, watoto wa magereza wamejipanga ukutani, wanachama wazee wa klabu wenye kahawa, na Afande kwenye kiti cha plastiki kando ya lile gogo la chuma.

Mechi sitaieleza yote. Mimi si mtu wa kueleza mechi. Binti yangu alichukua seti ya kwanza, Mmisri ya pili. Ya tatu ilikwenda moja kwako moja kwangu chini ya jua ambalo lilikuwa limekausha udongo ukawa rangi ya tofali. Hawakubadilishana hata tabasamu. Walipopishana kwenye wavu wakati wa kubadili pande, walitazama chini kama watu wanaodaiana, ilhali juzi tu mmoja alikuwa amelamba kijiko cha mama wa mwenzake.

Tano kwa nne, binti yangu anaongoza, naye ndiye anayeanzisha, akiwa upande wangu. Arobaini kwa kumi na tano? Hapana, thelathini sare. Mmisri akapiga mpira mrefu kwenye kona ya kushoto, ukatua nyuma ya mstari, nje kwa upana wa kiganja. Mwamuzi akasema nje. Arobaini kwa thelathini. Pointi moja ya mechi, ambayo ndiyo pointi ya mechi zote, ambayo ndiyo ile pointi.

Hakuna aliyefuta alama ile. Hakukuwa na sababu.

Walipigana mipira kumi, kumi na miwili. Kisha Mmisri akapiga tena kona ile ile, kwa nguvu zaidi, na nikauona mpira ukigusa ukingo wa chokaa. Vumbi jeupe likaruka. Binti yangu aliufikia kwa kujinyoosha, akaupiga ukaenda wavuni. Ingekuwa arobaini sare. Mwamuzi alikuwa kimya, maana yake mpira ni mzuri. Lakini binti yangu akanyanyua mkono, akaomba alama itazamwe. Ni haki ya mchezaji kwenye udongo.

Mwamuzi akashuka kutoka kwenye kiti chake, kijana mwenye miwani ya jua, akatembea bila haraka. Mmisri akaja mpaka kwenye wavu akasimama. Sheria haimruhusu kuvuka. Mwamuzi alipofika akakuta alama mbili, zimekaribiana kama macho ya mtu. Moja ilikuwa nje kwa kiganja. Nyingine ilikuwa imelamba mstari.

"Ipi?" akauliza.

Mwamuzi hakuwa amesimama pale. Mmisri alikuwa mbali. Watu watatu tu walijua ipi ni ipi: binti yangu, Afande ambaye anasoma udongo ule kama hati yake mwenyewe, na mimi, ambaye kwa bahati mbaya nilikuwa nimekaa mahali pazuri.

Binti yangu alizitazama zote mbili. Kisha akanyanyua uso akanitazama mimi. Sijui kwa nini mimi. Kwa miaka tisa akiwa kwenye uwanja ule alikuwa anamtazama Afande. Nilikuwa na muda wa kutikisa kichwa. Nilikuwa na muda hata wa kukohoa. Lakini mzazi haruhusiwi kumpa mchezaji ishara yoyote, na sijawahi maishani mwangu kuheshimu sheria kwa ukamilifu namna ile.

Akaonyesha kwa ncha ya raketi ile iliyokuwa nje.

Mwamuzi akainama, akatazama, akanyanyua kidole. Nje. Mechi imekwisha.

Wauguzi wakapiga vigelegele. Watoto wa ukutani wakarukaruka. Mimi nikapiga makofi. Niliisikia sauti ya makofi yangu kabla sijajua kwamba ni yangu. Mmisri aliuliza kitu kutoka kwenye wavu, mara moja, na mwamuzi akamjibu kwa kutikisa kichwa. Basi akanyoosha mkono. Binti yangu alivuka uwanja kwenda kuupokea. Baadaye aliniambia alichosema yule msichana: msalimie mama, mwambie tumbo limepona.

Nilimkuta Afande akikunja kiti chake. Hakuwa amepiga makofi.

"Pongezi, Profesa," alisema. Mimi si profesa, anajua.

"Pongezi ni zako, afande. Miaka tisa."

"Ndiyo. Miaka tisa mimi nafundisha yeye kitu moja. Wewe mwaka moja tu umefundisha ingine." Akaweka kiti begani. "Mwalimu ya walimu. Kweli wewe najua kazi."

Nilimuuliza kama ataendelea kumfundisha. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama jua litaendelea.

"Bwana, mfungwa nafukuzwa gerezani kwa sababu amefanya kosa? Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mwambie alete maji."

Nyumbani kulikuwa na pilau. Mke wangu alimbeba mtoto wa jirani, akacheza naye, akamrudisha. Alisema alijua tangu mwanzo. Alisema ile supu aliitia chumvi kidogo makusudi. Tulicheka wote. Binti yangu alikula sahani mbili akitazama sahani. Mke wangu hajui mpaka leo. Atajua akisoma makala hii, lakini kwa kuwa hajawahi kusoma makala yangu hata moja, siri iko mahali salama kuliko benki.

Siku iliyofuata, raundi ya pili, alifungwa sita kwa moja, sita kwa moja, na mwanamke aliyekuwa na gari linamngoja nje. Haikuwa na maana. Jumatatu orodha ikatoka. Tulishuka na kidole kwenye simu, tukashuka, tukashuka, mpaka tukalikuta jina, na mbele yake, kwenye safu ya pointi, moja.

Msajili alitaka aje mwenyewe Mbale kuiachia nafasi kwa maandishi. Tuliondoka asubuhi na gari langu, tukapita Iganga, tukashika barabara ya Tirinyi. Kwenye mashamba ya mpunga watu walikuwa wameinama. Niliwasha redio, mtu alikuwa anatangaza dawa ya kuku, nikaiacha.

Ofisini alikuwepo mama mmoja tunayefahamiana, mwenye kalamu nne nyweleni. Akatoa fomu. Binti yangu akaijaza amesimama: jina, namba, kozi. Penye "sababu ya kuachia nafasi" kalamu ikasimama.

"Andika tu," mama akasema. "Wengine wanaandika ndoa."

Akaandika kwamba ameshinda mechi ya kulipwa na kuingia orodha ya dunia. Mama akaisoma kichwa chini, akapiga kofi mezani. "Ya dunia! Na huyu babako kila siku tunakunywa naye chai hapa hasemi kitu! Wewe Mwalimu, una moyo wa jiwe?"

"Nina moyo wa kawaida, dada. Nitie sahihi wapi?"

Akanionyesha kwa kucha. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa mzazi: nathibitisha kwamba maelezo yaliyo hapo juu ni ya kweli. Binti yangu alikuwa anaangalia dirishani. Nikatia sahihi. Sahihi yangu ina mkia mrefu ambao niliubuni nikiwa mwanafunzi, nikidhani nitakuwa mtu mashuhuri. Mama akagonga muhuri.

Nje, wingu lilikuwa limekaa juu ya mwamba wa Wanale kama kawaida. Nilikuwa na kipindi saa nne. Yeye alikuwa arudi Jinja kwa basi, kwa sababu kesho yake alikuwa na safari ya Kigali kwa mazoezi ya msimu mpya. Tulisimama kwenye ngazi.

"Ungetikisa kichwa," alisema, "ningeonyesha ile nyingine."

"Najua."

"Mbona hukutikisa?"

Nilikuwa nimeandaa majibu kadhaa kwa swali hilo, tangu Iganga, na yote yalikuwa mazuri. Mmoja wa wanafunzi wangu akapita akanisalimu, nikamwitikia. Kisha nikamwambia ukweli, labda kwa sababu nilikuwa nimechoka.

"Nilikuwa nimekutafutia chumba. Hapa, mtaa wa pili. Mwaka mzima nilitaka ushindwe uje. Sasa ningetikisa kichwa, ningekuwa ninakuambia ukweli au ninakuvuta uje Mbale? Sikujua. Nikakaa."

Alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika mkanda wa begi lake kwa mikono miwili.

"Kina dirisha?"

"Kina."

"Na mwenye nyumba umeshamwambia?"

"Bado."

"Mwambie leo," alisema. "Asimkoseshe mtu mwingine."

Nikamsindikiza mpaka kituo cha mabasi. Alipata kiti cha dirishani upande wa jua, akaweka begi la raketi mapajani kwa sababu hataki liwekwe juu. Tulipungiana. Basi halikuondoka, lilikuwa halijajaa. Nikasimama pale muda, tukipungiana tena kila macho yetu yalipokutana, mpaka ikawa aibu kwa wote wawili, naye akanifanyia ishara kwa mkono, nenda. Nikaenda. Nilichelewa darasani dakika ishirini, nikaanza pale tulipoishia.